Sanduku la Spana la Kuanzia: Mwongozo kwa Anayetaka Kulihudumia Gari Lake Mwenyewe

Nati ya sampu (chombo cha oili kilicho chini ya injini) ya Toyota IST inafunguliwa kwa spana ya milimita 14. Nililijua hilo vizuri siku niliyoiharibu. Nilikuwa nimenunua sanduku jipya lenye vipande zaidi ya mia, kila kimoja kimelala kwenye kishimo chake kama mayai kwenye trei. Nikaingia chini ya gari, nikavika soketi ya 14, nikavuta. Soketi ikatanuka mdomo, ikateleza, kona za nati zikalika. Fundi mmoja mzee wa mtaani kwetu ndiye aliyekuja kuniokoa. Aliishika ile soketi, akachungulia ndani yake, akaniuliza: "Mwanangu, vipande vyote hivi umenunua, gari lako linatumia vingapi?"

Tukakaa kwenye kibaraza tukahesabu. Havikufika ishirini.

Tangu siku hiyo, kila anayeniuliza anunue spana gani namrudishia swali la yule mzee. Gari lako ndilo linaloandika orodha. Pesa ambayo ingeishia kwenye vipande mia usivyovihitaji inatosha kununua ishirini vizuri vitakavyokaa miaka mingi. Tuanze basi.

Hatua ya kwanza: Liulize gari kabla ya kuliuliza duka

Chukua daftari, fungua boneti, kisha chuchumaa utazame chini. Azima spana kwa jirani au kwa fundi wako, uzivike tu kwenye nati bila kufungua, uandike namba.

Magari mengi yanayotembea kwetu ni ya Kijapani: IST, Vitz, Probox, Noah, Premio na wenzao. Haya yanatumia milimita, na Toyota ina mfululizo wake unaojirudia: 8, 10, 12, 14, 17, 19 na 21. Kumi ndiyo mfalme. Inashika vichwa vya betri, koili za plagi, na mabano mengi madogo juu ya injini. Kumi na mbili na kumi na nne zinashika vitu kama altaneta (inayochaji betri) na kalipa za breki. Kumi na saba na kumi na tisa utazikuta zaidi huko chini kwenye miguu ya gari. Ishirini na moja ni nati za tairi. Plagi za IST na Vitz nyingi zinataka soketi yake ya 16, ambayo ni ndefu na nyembamba.

Tazama namba zisizokuwepo: 13, 15, 18. Mwenye Volkswagen, BMW, Mercedes au Peugeot atazihitaji hizo, na juu yake atahitaji vichwa vya nyota yenye pembe sita, maana Wazungu wanavipenda sana. Mwenye Vitz anaweza kumaliza mwaka mzima bila kuigusa 13. Hapo ndipo masanduku makubwa yanapokula pesa za watu.

Sanduku lenye spana za inchi na za milimita pamoja halina faida kwako kama gari ni la Kijapani. Lina hatari pia. Nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo haiingii kwenye 12 vizuri wala haitoshi kwenye 13. Inchi 9/16 ni kama milimita 14.3, inaingia kwenye nati ya 14 na unajiona umepata, kumbe ina mwanya wa kutosha kuila kona. Spana za inchi waachie wenye Land Rover za zamani.

Hatua ya pili: Amua kazi utakazofanya, na zile utakazomwachia fundi

Kwa anayeanza, kazi zinazolipa haraka ni hizi: kubadilisha oili na filta yake, plagi, filta ya hewa, betri, pedi za breki za mbele, na kuhamisha matairi. Zote hizi IST inazikubali kwa vifaa nitakavyovitaja.

Usinunue kifaa cha kazi usiyoijua bado. Klachi, gesi ya AC, mifuko ya hewa ya usukani, taiming ya injini: mpelekee fundi. Siku utakayojifunza moja ya hizo ndiyo siku ya kununua kifaa chake.

Hatua ya tatu: Pesa ya kwanza iende chini ya gari

Wengi wanaanza na spana, kisha wanaingia chini ya gari lililoshikwa na jeki ya buti pekee. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu kila gereji ina simulizi ya mtu aliyebanwa. Jeki ni ya kuinua. Kushika ni kazi ya stendi.

Nunua stendi mbili za jeki, zenye uwezo wa tani mbili au tatu. IST ina uzito wa karibu tani moja, lakini usinunue kwa kubana. Angalia zenye miguu minne mipana, na pini ya chuma ya ziada ya kuzuia ule mkono usishuke. Jeki ya buti inaweza kukusaidia mwanzoni. Ukipata uwezo, nunua ya magurudumu ya tani mbili, itakupunguzia jasho.

Kisha kuna suala la ardhi yetu. Nyua nyingi za Dar ni mchanga. Jeki inapanda vizuri, halafu polepole mguu mmoja unazama na gari linaanza kuinama. Tafuta vipande vya mbao ngumu, unene wa inchi mbili, upana wa kutosha kubeba stendi nzima, uviweke chini yake. Tofali la saruji usilitumie kabisa kushikia gari. Tofali halikunji, halilalamiki, linapasuka ghafla.

Vizuizi vya tairi ni rahisi, hata vipande vya gogo vilivyokatwa mshazari vinafaa. Kwa nini vizuizi wakati kuna breki ya mkono? Kwa sababu breki ya mkono inashika matairi ya nyuma. Ukiinua nyuma, matairi yanayoshikwa na breki yako hewani. Hapo kinachozuia gari kutembea ni gia, na kile kizuizi ulichokiweka mbele. Legeza nati za tairi gari likiwa bado chini, kisha inua mahali penye alama ya jeki kwenye ukingo wa chini wa bodi. Weka stendi, shusha uzito juu yake, na ulisukume gari kwa mkono kabla hujaingia. Likitikisika, anza upya.

Hatua ya nne: Soketi na racheti

Hapa ndipo kazi nyingi inapofanyika, kwa hiyo tukae kidogo. Soketi, ambazo gereji nyingi huziita boksi spana, zinatofautiana kwanza kwa kile kitundu cha mraba kinachoingia kwenye racheti, yaani mkono wa kuzungushia wenye meno ndani. Kuna cha robo inchi, cha 3/8 na cha nusu inchi. (Hata kwenye soketi za milimita kitundu hiki hupimwa kwa inchi, usishangae.) Robo ni ya vitu vidogo vya dashibodi. Nusu ni ya nati za tairi na bolti za miguu. 3/8 iko katikati, na kwa gari dogo ndiyo itakayofanya kazi nyingi zaidi. Kwa hiyo racheti ya kwanza iwe ya 3/8.

Chagua soketi zenye kona sita ndani. Zenye kona kumi na mbili zinaingia haraka kwa sababu zina nafasi nyingi za kukaa, lakini zinashika nati karibu na ncha za kona. Nati ikiwa na kutu au imelika kidogo, ndiyo kwanza itaisha. Ile soketi yangu iliyoharibu nati ya sampu ilikuwa ya kona kumi na mbili, tena ya chuma laini. Makosa mawili kwa pamoja.

Nunua hizi za 3/8: fupi za 8, 10, 12, 14, 17 na 19, na ndefu za 10, 12 na 14. Ndefu zinahitajika pale bolti inapochomoza kupita nati na soketi fupi inagota. Ya 10 nunua mbili, au tatu kabisa. Inadondoka ndani ya injini, inajificha kwenye kona ya bampa, inaondoka na majirani. Siku ukiikosa, kazi imesimama.

Ongeza ekstensheni mbili, yaani vyuma vya kurefushia soketi, ya milimita 75 na ya 250. Hiyo ndefu ni ya plagi, maana kwenye injini hizi plagi imezama ndani kabisa ya kisima chake. Soketi ya plagi ya 16 iwe na mpira au sumaku ndani, ishike plagi isije ikaanguka na kupasuka kauri. Goti, yaani kiungo kinachokunja, ni zuri kuwa nalo lakini linaweza kusubiri.

Racheti yenyewe ichague kwa meno. Yenye meno 72 inashika kila nyuzi 5 za mzunguko, ya meno 24 inataka nyuzi 15 kabla haijashika tena. Kwenye uwanja wazi huoni tofauti. Ndani ya injini, mkono wako ukiwa umebanwa kati ya radieta na bomba la moto, nyuzi kumi hizo ndizo zinazoamua kama utafungua au utaondoa kwanza vitu vitatu vingine.

Kisha nunua mkono mrefu wa nusu inchi usio na racheti, wenye urefu wa sentimita 45 hadi 60, pamoja na soketi ndefu ya 21. Huu ni wa kufungulia vilivyokaza. Hesabu yake ni nyepesi: ukisukuma kwa nguvu ya kama kilo 40 kwenye wili spana (ile ya kufungulia nati za tairi) ya sentimita 25, unapata karibu Nm 100; Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Nguvu hiyo hiyo kwenye mkono wa sentimita 50 inakupa 200. Racheti usiivalishe bomba kuipa urefu. Meno yake ya ndani yatakatika na ngumi yako itaishia kwenye chuma.

Hatua ya tano: Spana za mkono

Hizi ni zile zenye mdomo wazi upande mmoja na ringi upande wa pili. Chukua 8, 10, 12, 14, 17 na 19. Mazoea ya kujijengea tangu mwanzo: legeza na kaza kwa ringi, tumia mdomo wazi kuzungushia tu nati ikiwa imeshalegea. Mdomo wazi unashika pande mbili peke yake na unatanuka.

Spana ya kurekebisha, ile wanayoiita spana malaya, iwepo kwa dharura, isiwe ndiyo ya kutegemea. Ukilazimika kuitumia, ibane mpaka isicheze, na uivute ili mzigo uelemee taya lisilotembea.

Hatua ya sita: Bisibisi, na siri ya nukta ndogo

Bisibisi za flati mbili na za nyota mbili zinatosha, namba 2 ikiwa ndiyo muhimu zaidi. Lakini kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Skrubu za nyota za Kijapani zimetengenezwa kwa kipimo cha Japani kiitwacho JIS, na msalaba wake hauko sawasawa na wa nyota ya kawaida. Bisibisi ya kawaida haifiki chini vizuri. Ukikaza mkono inapanda juu yenyewe na kula kichwa cha skrubu. Mara nyingi skrubu hizo huwa na nukta ndogo kichwani, pembeni ya msalaba. Waliofungua diski za breki za Honda wanazijua skrubu zake mbili na machozi yake.

Ukikuta bisibisi ya JIS, Vessel kwa mfano ambayo ni ya Kijapani, nunua hiyo ya namba 2. Inafanya kazi hata kwenye skrubu za nyota za kawaida. Hujaipata? Basi sukuma kwa nguvu kubwa kuliko unavyozungusha, na skrubu iliyoganda igonge kichwani kwanza kwa bisibisi na nyundo ndogo, mara mbili tatu.

Hatua ya saba: Vinavyofuata, kwa haraka

Plaizi ya kawaida, plaizi ya mdomo mrefu, na moja ya kujifunga yenyewe kwa nati zilizokwisha kulika. Nyundo ya gramu 500. Brashi ya waya. Beseni la kumwagia oili lenye ujazo wa lita 5 au zaidi. IST yenye injini ya 1NZ inachukua lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo beseni la lita 3 litakuchafulia ua. Faneli. Tochi ya kuvaa kichwani, kwa sababu mikono yote miwili ina kazi. Miwani ya kukinga macho, maana ukiwa chini ya gari kila kitu huangukia usoni. Geji ya upepo yako mwenyewe. Dawa ya kulegeza kutu, unaipuliza jioni na kufungua asubuhi.

Kofia ya kufungulia filta ya oili iwe ya kipimo cha filta yako: kwa filta ndogo ya Toyota ni ya milimita 65 yenye pande 14. Inatumika kufungua tu. Kufunga ni kwa mkono: paka oili mpya kwenye mpira wa filta, zungusha mpaka mpira uguse, kisha ongeza kama robo tatu ya mzunguko.

Hatua ya nane: Spana ya torki

Hii ni spana inayopima nguvu unayokazia nati. Mafundi wengi watakwambia mkono unatosha. Mkono wa mtu aliyefunga nati miaka thelathini, labda. Wangu haukutosha, na wako mwanzoni hautatosha. Nati za tairi za Toyota ndogo zinatakiwa Nm 103. Zikipungua zinalegea barabarani. Zikizidi sana zinavuta bolti, na siku ya pancha usiku kule Chalinze wili spana ya buti haitazifungua.

Nunua ya nusu inchi, yenye kipimo cha kama Nm 28 hadi 210. Izungushe mpaka namba unayoitaka, funga nati kwa kuruka ya upande wa pili badala ya kuzunguka, vuta taratibu mpaka isikike tiki, uache hapo hapo. Usifungulie nati kwa spana hii. Ukimaliza irudishe kwenye namba yake ya chini, springi ipumzike.

Nati ya sampu inataka takriban Nm 38. Namba hiyo iko kwenye mwanzo wa kipimo cha spana hii, mahali ambapo spana za aina hii hukosea zaidi. Mimi huweka washa mpya (ile pete ya kuzuia kuvuja) na kufunga kwa racheti ya 3/8 nikiishika karibu na kichwa, nasikilizia ikae, nakaza kidogo basi. Sampu nyingine ni za alumini, na nyuzi zake za kushikia nati zikiisha gharama inakuwa ya kununua sampu.

Hatua ya tisa: Mita ya umeme

Hata ya bei nafuu inakusaidia. Gari likiwa limelala usiku, betri nzima husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Washa injini: ikisoma kati ya 13.5 na 14.5 altaneta inachaji. Dakika mbili tu, na hununui betri mpya wakati mgonjwa ni altaneta. Weka na waya za kushtulia betri, nene.

Kile kidude cha kusoma makosa kwa simu, subiri kidogo. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, hasa ya miaka ya mwanzo ya 2000, yana tundu linalofanana lakini mengine hayaitikii vidude vya bei nafuu. Azima kwanza, ujaribu kwenye gari lako.

Hatua ya kumi: Dukani

Ukienda Gerezani au Kariakoo hapa Dar, nenda asubuhi, na usiende peke yako kama hujazoea. Beba bolti mbili za 10 na 14 mfukoni. Vika soketi juu ya bolti, itikise: ikicheza sana, rudisha. Chungulia ndani, kuta ziwe sawa na zisiwe na mabaki ya chuma. Tafuta maandishi ya Cr-V (chuma chenye kromu na vanadi) yaliyochongwa, ingawa maandishi peke yake si ushahidi, kwa sababu yeyote anaweza kuyachonga. Namba ya kipimo isomeke kirahisi, utaisoma ukiwa na oili machoni. Zungusha racheti sikioni, iite kwa mlio mmoja bila kukwama.

Kwa majina, KTC na Koken za Japani ni za ngazi ya juu, King Tony na Toptul za Taiwan ni za katikati zinazovumilia kazi ya gereji. Ingco na Total zimejaa madukani kwetu na kwa mwenye gari moja nyingi zinatosha. Kanuni yangu ya kugawa pesa: kinachobeba uzito wa gari na kinachobeba nguvu ya mkono wako, yaani stendi, soketi za 10 hadi 21, racheti na mkono mrefu, nunua bora unachoweza. Faneli, beseni, nyundo na brashi, chukua vya bei nafuu. Fedha ikiwa haitoshi yote kwa mara moja, mwezi wa kwanza nunua stendi, soketi na racheti. Wa pili spana za mkono, bisibisi na plaizi. Torki na mita zifuate.

Nyumbani

Sisi wa pwani, Tanga, Dar, Unguja, Mombasa, hewa yenyewe ina chumvi. Futa kila kifaa kwa kitambaa chenye oili kidogo kabla ya kukirudisha. Sanduku la chuma lisikae sakafuni, lipandishe juu ya ubao. Na paka kila kifaa mstari wa rangi moja unayoijua wewe, siku mkifanya kazi wawili au watatu hamtabishana.

Kazi ya kwanza iwe oili. Ichague Jumamosi ambayo huna safari, uanze mapema, ili kama spana fulani imepungua duka liwe bado wazi. Fungua kifuniko cha kujazia kabla ya nati ya sampu: uhakikishe una njia ya kurudisha oili kabla ya kuimwaga. Ukimaliza, washa injini dakika mbili, chungulia chini kama panavuja, zima, subiri, pima kwa kijiti. Kisha panga soketi zako zote juu ya kitambaa na uzihesabu kabla ya kushusha boneti. Ikikosekana moja, itakuwa ya 10, na mahali pa kwanza pa kuitafuta ni kwenye ukingo ule chini ya kioo cha mbele, karibu na waipa.